Mwangaluka Bila Neno la Pili

Kwetu Bariadi salamu haikamiliki kwa neno moja. Asubuhi unasema "mwangaluka", na anayekujibu anaongeza neno la pili linalokuweka mahali pako. "Mwangaluka, baba", ukiwa mwanamume, hata kama una miaka minne na kamasi zinakutoka. "Mwangaluka, mayu", ukiwa mwanamke, hata kama meno hayajaota. Neno hilo la pili ndilo lililonitesa utoto wangu wote. Watu walilitamka kwa upendo, mama wadogo, majirani, wazee waliopita na magunia ya pamba kwenye baiskeli, na kila nilipoitwa mayu nilihisi wanamsalimu mtu mwingine aliyesimama nyuma yangu.

Mimi ni doto. Kwa Wasukuma, pacha anayetangulia kutoka ni Kulwa, anayefuata ni Doto, na mtoto atakayezaliwa baada yao ataitwa Shija. Majina hayo yanauliza zamu, hayaulizi jinsi. Tulizaliwa 1981 kijiji kimoja upande wa Dutwa, siku hizo Bariadi ikiwa wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Mkoa wetu wa sasa, Simiyu, tumeupata mwaka 2012. Kulwa alitoka mvulana. Mimi mkunga alinitazama akasema msichana. Sina ugomvi na mkunga yule. Alisema alichokiona.

Magazeti yetu yakiandika habari za watu kama mimi hutumia maneno "aliyebadili jinsia". Sijawahi kuyapenda, maana yanamfanya msomaji afikiri kuna siku niliamka nikaamua, kama mtu anayebadili timu. Kiswahili chenyewe kina akili kuliko hapo, kwa sababu kinatofautisha jinsi na jinsia. Jinsi ni mwili, kile mkunga anachokitazama. Jinsia ni yale ambayo watu wanayajenga juu ya mwili huo: nani apige magoti, nani ashike fimbo ya kuchungia, nani aoe na nani aolewe. Kwa watu wengi viwili hivyo hukaa pamoja kama kisu na ala yake, hata hawajui ni vitu viwili. Kwangu havikuingiana tangu nilipoanza kujitambua.

Niseme pia kwamba mimi si huntha. Huntha, au mtu mwenye jinsi tata kama wanavyosema siku hizi, ni yule ambaye mwili wake wenyewe tangu kuzaliwa una alama zisizoeleweka ni za kiume au za kike. Wapo, Kenya iliwahesabu kwenye sensa ya 2019 ikawapata 1,524. Mwili wangu haukuwa na utata wowote, na hilo ndilo lililowachanganya watu. Shirika la Afya Duniani lilikuwa likiiweka hali kama yangu kwenye orodha ya magonjwa ya akili, hadi lilipoiondoa humo katika toleo jipya la orodha yake lililopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Mimi nilikuwa na miaka arobaini nilipoambiwa rasmi kwamba sina wazimu. Nilikuwa nimeshamaliza kujiuliza.

Turudi Bariadi.

Msichana wa Kisukuma humsalimia mkubwa kwa kupiga magoti. Sitaki kuisema vibaya desturi hiyo. Nimewaona mabinti wakipiga magoti kwa madaha hadi ukatamani kusalimiwa tena. Mimi nilipopiga, nilijisikia kama mtu anayetoa ushahidi wa uongo. Kando yangu Kulwa aliinama kidogo tu, basi, kazi imekwisha. Mtoto mwingine wa hali yangu huenda hajui hasa anakikosa nini. Mimi nilikula nacho sahani moja. Kulwa alipata fimbo, mimi ndoo. Kulwa alipata kaptula ya shule, mimi sketi, na vyote vilikatwa kwenye kitambaa kimoja cha bluu, na fundi mmoja, asubuhi moja. Nafuu niliipata kwenye nywele. Shule zetu zinawanyoa wote, wavulana kwa wasichana, na siku ya kunyolewa nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Walimu waliniona mtoto mtiifu.

Watoto wenzangu waliniita jikedume. Neno lenyewe halikuniuma sana. Kuna nusu yake niliyoipenda.

Tulipokuwa na miaka kumi na miwili tulibadilishana kazi, mimi na Kulwa. Yeye alikuwa mvivu wa kuchunga, anapenda kukaa jikoni karibu na viazi. Baba alikuwa ameenda mnadani. Nikavaa kaptula yake, nikachukua fimbo, nikatoka na ng'ombe kumi na saba. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizokuwa nazo mpaka hapo, na kwa sababu ilikuwa nzuri nililala chini ya mti, ng'ombe wakaingia kwenye pamba ya jirani. Nilishtushwa na sauti ya baba akija mbio kutoka nyuma: "Kulwa! Wewe Kulwa!" Nikaitika. Akanichapa viboko viwili vya mgongoni kabla sijageuka. Nilipogeuka, akabaki na fimbo hewani. Akaitazama kaptula, akanitazama usoni, kisha akaishusha polepole, nadhani kwa sababu hakujua sasa anampiga nani. Akasema, "Nenda kwa mama yako."

Ni viboko pekee ambavyo sikuvililia. Baba yangu alikuwa ameniita kama mwanawe wa kiume, na mimi nilikuwa nimeitika.

Nilivunja ungo msimu wa kuvuna pamba, 1995. Mama alifurahi, shangazi wakaitwa, nikafundwa mambo ambayo sikuyasikia hata nusu. Tangu hapo nilianza kuvaa sweta, jua la saa nane la Bariadi, sweta. Mwalimu mmoja alidhani nina malaria isiyoisha. Usiku mmoja nilienda kujilaza ghalani juu ya pamba, nikamwomba Mungu asiniamshe. Naliandika hili bila kulipamba kwa sababu najua yupo mtoto anayelisoma na kulielewa kuliko watu wazima watakaolisoma. Aliyenitoa ghalani ni Kulwa, wala hakuja na hotuba. Alikuja na michembe ya viazi mfukoni, akakaa, akaniambia yule ng'ombe mwekundu kwato zake zimeanza kuota vibaya. Tukazungumza habari za kwato mpaka usingizi ukatuchukua. Kama mtoto yule ananisikia, nataka amtafute mtu wake wa kwato. Mmoja anatosha kumfikisha asubuhi.

Tulimaliza darasa la saba 1996. Hakuna kati yetu aliyechaguliwa kwenda sekondari. Enzi hizo waliochaguliwa kijiji kizima ungeweza kuwapakia baiskeli mbili. Mwaka uliofuata watu wakaja kutoka Maswa kuzungumza habari zangu. Ng'ombe ishirini na wawili. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na kisheria hapakuwa na kosa: Sheria ya Ndoa ya 1971 ilimruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa mzazi akiridhia, wakati mvulana alisubiri 18. Rebeca Gyumi alikuja kuvipinga vifungu hivyo mahakamani na akashinda, Mahakama Kuu 2016 na Mahakama ya Rufani 2019. Lakini 1997 kwetu hakukuwa na Rebeca. Kulikuwa na ng'ombe, wamesimama kwenye hesabu ya baba.

Hapa ndipo Kiswahili, ambacho nimekisifu, kinaponigeuka. Lugha yetu haina neno la kumtenga mwanamume na mwanamke katika "yeye". Ukisema "amekuja" hakuna anayejua ni nani mpaka atokee mlangoni. Nimeishi miaka kwenye uvuli wa neno hilo. Lakini ukifika kwenye ndoa, mlango unafungwa: mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Mmoja ni mtenda, mwingine ni mtendwa, sarufi imeshakata kesi. Shangazi aliponiuliza, "Unakataa kuolewa kwa nini?" nilijibu kwa ukweli wote niliokuwa nao, "Sikatai ndoa. Nakataa kuolewa." Alidhani namfanyia mzaha.

Mjomba mmoja alijaribu kusaidia. Akasema huko Tarime Wakurya wana nyumba ntobhu, mwanamke anamtolea mwanamke mwenzake mahari, basi huyu apelekwe huko. Watu wakacheka. Alikuwa na nia njema ila alikosea njia: nyumba ntobhu ni mpango wa mwanamke, mara nyingi mzee asiye na mtoto wa kiume, kupata watoto watakaobeba jina la nyumba yake. Ni habari ya urithi. Mimi sikuwa mwanamke anayetaka mke, na sikuwa hata na ndama wa kurithisha.

Mtu akisikia kisa hiki humchukia baba yangu, na mimi sitaki. Ng'ombe wale hawakuwa wa kula. Kwetu ng'ombe wanaoingia kwa dada ndio wanaotoka kumwolea kaka. Kulwa alikuwa tayari na binti aliyempenda kule Nkololo, na wale ishirini na wawili walikuwa wameshagawanywa vichwani mwa watu wote pale nyumbani. Nikikataa, simkomoi baba. Namnyang'anya Kulwa mke.

Nilimweleza Kulwa kabla ya kumwambia mtu mwingine. Alinyamaza kwa muda mrefu, akichora chini kwa kijiti. Kisha akauliza, "Ukienda kule, utakuwa unamdanganya yule mtu kila siku?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi ondoka kabla mvua haijakata barabara."

Ilikuwa imeshaanza kukata. Ilikuwa msimu ule wa Elinino, mwisho wa 1997 kuingia 1998, mvua ambayo wazee mpaka leo wanaitumia kuhesabia umri wa watoto. Nilitembea siku mbili, sehemu nyingine nikapakiwa kwenye trekta, nikafika Meatu kwa bibi mzaa mama, mbele kidogo ya Mwanhuzi, nikiwa na tope hadi nyonga. Bibi aliishi peke yake. Alinisikiliza akitafuna matobolwa ya viazi na karanga, siku tatu nikimweleza vipande vipande, hakusema lolote la maana. "Kula," alisema. "Unatapika maneno na tumbo ni tupu."

Siku ya nne niliamka alfajiri nikakuta mvua imeangusha upande mmoja wa zizi. Nikakata miiba, nikachimbia nguzo mbili, nikafunga kwa kamba ya katani. Jua lilipotoka bibi alikuja akazunguka zizi, akatikisa nguzo moja kwa mkono. Nikamsalimia. Sikupiga magoti kwa sababu mikono yangu ilikuwa imeshika boriti.

"Mwangaluka, baba," akajibu, akaenda kuwasha moto.

Nimelitafakari jibu hilo miaka zaidi ya ishirini. Huenda alimaanisha kazi tu: nyumba isiyo na mwanamume, aliyejenga zizi ndiye baba. Huenda macho yalikuwa yamemchoka. Sikumuuliza, na hakulirudia nikiwa naye mbele za watu. Lakini kila asubuhi tukiwa wawili alisema vivyo hivyo, mpaka nilipoondoka miezi mitatu baadaye kwenda mjini kujifunza cherehani. Ufundi huo nilichaguliwa mimi kwa kuwa "msichana". Nimeshazoea kucheka mwenyewe.

Sitataja mtaa ninaoishi, ila ni mji wa kando ya Ziwa, na ninashona sare za shule. Januari silali. Maisha ya ujana wangu yaliyobaki nayapitisha haraka kwa sababu hayana tofauti na ya kijana yeyote aliyefika mjini na anwani moja mfukoni. Nilijenga sauti, nilijenga mwendo, nilijenga marafiki wasiouliza. Nikiwa na miaka ishirini na minne nilimpenda mwanamke mmoja muuza dagaa, mtu mzima mwenzangu mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo. Nilimweleza kila kitu mwezi wa pili. Hakupiga kelele, hakumwambia mtu. Alisema, "Wewe ni mtu mzuri, ila mimi nataka watoto," akaniachia kapu la dagaa ambalo sikuweza kulila kwa wiki nzima. Ametunza siri yangu mpaka leo. Huo nao nauhesabu kuwa upendo, japo kwa wakati ule nisingekuelewa ungeniambia hivyo.

Jina langu limeniokoa mara nyingi. Oktoba 2014 redio zilitangaza habari ya Audrey Mbugua wa Kenya, mwanamke aliyezaliwa akaitwa Andrew, ambaye cheti chake cha sekondari cha 2001 kilikuwa kinamfungia kila mlango wa kazi: jina la kiume, mtu wa kike mbele ya meza. Alilishtaki baraza la mitihani la nchi yake, na Jaji Weldon Korir akaamuru apewe cheti kipya chenye jina lake, bila alama ya jinsi. Nilikuwa nashona pindo la sketi, nikasimamisha cherehani. Mwenzangu huyu alihitaji mahakama kupata kile ambacho mimi nilipewa na desturi ya mapacha. Doto ni Doto, kwenye cheti cha darasa la saba na kwenye kibao cha duka. Tatizo langu ni kile kisanduku cha Me au Ke kwenye fomu, na kisanduku hicho nimejifunza kukikwepa kwa namna ambazo sitaziandika hapa.

Kuhusu sheria, watu huniuliza kama mimi ni kosa. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu tendo la "kinyume cha maumbile", na tangu marekebisho ya 1998 adhabu yake ni miaka isiyopungua 30 hadi kifungo cha maisha. Hakisemi chochote juu ya mtu anayevaa suruali na kuinama badala ya kupiga magoti. Ila mtaani hawasomi vifungu. Mwishoni mwa Oktoba 2018 Paul Makonda, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, alitangaza kikosi cha kuwasaka mashoga na kuwaomba wananchi wataje majina. Tarehe 4 Novemba Wizara ya Mambo ya Nje ikatoa tamko kwamba hayo ni maoni yake binafsi, si msimamo wa serikali. Kati ya siku hizo mbili mimi nilifunga duka. Kulwa alipiga simu kila jioni. "Umekula?" anauliza. Hilo tu.

Kulwa alimkosa yule binti wa Nkololo, aliolewa kwingine. Alikuja kuoa 2004, mke mwingine, na ng'ombe sita kati ya wale wa mahari nilinunua mimi kwa kaptula na sketi za watoto wa watu. Nilizituma pesa bila maelezo. Baba alizipokea bila maelezo. Kaka ndiye humsaidia kaka kutoa mahari, kila mtu pale kijijini analijua hilo, na hakuna aliyelisema.

Agosti ya mwaka ule ule wa 2018, maonyesho ya kitaifa ya Nane Nane yalifanyika Nyakabindi, nje kidogo ya mji wa Bariadi. Nilienda na mabunda ya sare za kuuza, na siku ya tatu nikapanda bodaboda kwenda nyumbani, baada ya miaka ishirini. Baba alikuwa chini ya mwarobaini, kwenye kigoda, amekonda. Nilisimama mbele yake na suruali yangu ya khaki niliyoishona mwenyewe, nikainama, mikono mbele, kama Kulwa.

"Mwangaluka," nikasema.

"Mwangaluka," akajibu.

Mdomo wake ulibaki wazi kidogo. Nililisubiri neno la pili. Niliona linavyomtembea kooni, likija, likirudi. Hakusema mayu. Hakusema baba. Akafunga mdomo, akasukuma kigoda kingine kwa mguu, nikakaa, tukazungumza bei ya pamba.

Mtu mwingine angeona amesalimiwa nusu. Mimi nilijua uzito wa nusu aliyoiacha. Mzee wa Kisukuma kukata salamu katikati ni kazi ngumu kuliko kuimalizia, na aliifanya mbele ya wajukuu. Baada ya hapo alinipigia simu mara nyingi, na kila mara aliniita Doto, Doto tu, jina ambalo lilimfaa yeye na likanifaa mimi. Alifariki 2021. Kaburini nilitupa udongo nikiwa nimesimama upande wa wanaume. Shangazi mmoja alinitazama, akaangalia pembeni.

Watoto wa Kulwa walipata shida yao. Mimi ni shangazi au ni baba mdogo? Mkubwa wao alimuuliza baba yake nikiwa nasikia. Kulwa hakuinua kichwa kutoka kwenye baiskeli aliyokuwa anaziba pancha. "Pacha wangu ni nani kwako?" akasema. "Baba mdogo." Tangu hapo imekuwa hivyo, na kijiji kimeiga watoto, maana watoto ndio wanaopiga kelele.

Januari hii binti wa mwisho wa Kulwa amekuja kwangu kuanza kidato cha kwanza. Nilimsimamisha mlangoni penye mwanga, nikamzungushia futi kiunoni, nikaandika namba kwa chaki juu ya meza. Alikuwa anaangalia kaptula za wavulana zilizoning'inia ukutani.

"Baba mdogo, kwa nini sketi hazina mifuko?"

Nilisema sijui, ndivyo zinavyoshonwa.

"Niwekee."

Nikamwekea miwili, ya pembeni, mirefu ya kumeza mkono hadi kifundo. Aliijaribu hapo hapo, akatumbukiza michembe kwenye mmoja na kalamu kwenye mwingine, akaondoka akitembea kama mwenye mali.